Mgongo wa Jenerali

Siku yangu ya kwanza kazini Doha niliagizwa nitengeneze mtu, ili koti lipate wa kulivaa. Mimi, fundi wa sare za shule kutoka Machakos, nilizoea mtoto aje kwanza, nguo ifuate. Lusail, mji mpya wa jirani, wakati huo ulikuwa bado mchanga na winchi.

Jumba nililofanyia kazi lilikuwa kwenye kisiwa cha The Pearl, la mzee wa Kiqatari aliyekusanya mavazi ya kale ya kijeshi. Msimamizi wetu, mama wa Kilebanoni, tulimwita Mudira, yaani mkuu. Alinikabidhi makoti matatu ya afisa mmoja wa Italia wa karne ya kumi na tisa.

"Syombua, koti kuukuu halilazimishwi," akanionya. "Mwili ndio utakaolitii."

Mwili huo tuliujenga juu ya kiunzi, tukiushindilia pamba kidogo kidogo, hadi koti likae bila kuvutika popote.

Ndivyo nilivyomfahamu yule bwana. Koti la uluteni lilitaka kiuno cha nyigu. Kijana wa kujishaua huyo! La ukanali lilitaka bega la kushoto lililoshuka. Mudira alisema bwana huyo alipigwa risasi vitani. Nilipokuwa nikipunguza pamba begani, mwili ulinisisimka. Mtu yuko kaburini miaka yote hiyo, nami napapasa jeraha lake! Nilistaajabu hadi nikasahau chakula cha mchana.

La ujenerali ndilo lililotutoa jasho. Mwenye jumba aliwaalika wageni, na alitaka wamkute jenerali kifua mbele, kama kwenye picha yake ukutani. Lakini koti lilikuwa limekatwa kwa mtu aliyepinda. Nilipoongeza pamba kifuani, mshono wa mgongoni ukalia: ta!

"Khalas! Acha!" Mudira akanishika mkono. Uzi mmoja ulikuwa umekatika.

Musa, mlinzi wetu Mganda, akachungulia. "Nyabo, mama yangu, huyo mzee mumwache tu. Mgongo ukishapinda, huo umepinda."

Rahisi kusema. Kumkatalia mwenye jumba kungeweza kuturudisha sote makwetu, nami nilikuwa na watoto shuleni. Hata hivyo Mudira alimpigia simu.

Mzee alikuja akitembelea fimbo. Mudira akamwonyesha ule uzi, akasema bila kupepesa macho, "Tukimnyoosha, tutamchana." Mzee akalizunguka koti polepole, akasimama nyuma yake. Hapo nikaona migongo miwili imeinama sawasawa, nikashikwa na kicho.

"Huyu ametumika," akasema hatimaye. "Mwacheni alivyo."

Wageni walipokuja, walisimama mbele ya lile koti muda mrefu kuliko mbele ya mengine yote.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani. Juzi nilikwenda kupimwa gauni la harusi ya binti yangu. Fundi akanigusa mabegani.

"Mama, jinyooshe kidogo, nguo ikae vizuri."

"Pima mgongo huu uliopo," nikamwambia. "Nimeufanyia kazi."