Ubaguzi Ulioruhusiwa Hadi Desemba

Juzi nilisimama kwenye foleni ya manispaa moja hapa Brussels, nyuma ya mama wa Bukavu aliyekuja kuandikisha binti yake wa siku kumi. Alitaka mtoto abebe majina ya wazazi wote wawili. Baba alikuwa ameshakataa kwa maandishi.

Karani, Mkongomani mwenzetu, alimweleza sheria kwa upole: "Maman, loi inasema, kama ba parents hawapatane, mutoto anabeba jina ya papa yake."

Mama alitandaza mbele ya karani gazeti lenye habari ya hukumu ya Mahakama ya Katiba, akaligonga kwa kidole. "Hii loi, Cour constitutionnelle ilishaivunja! Ilisema ni discrimination kwa banamuke."

"Ni kweli, maman. Lakini Cour iliacha itumike mpaka décembre, juu Parlement ipate wakati wa kuandika ingine."

Mama alilikunja gazeti lake. "Donc ni discrimination, lakini mpaka décembre haina mubaya?"

Karani aliinamia kibodi yake. Akaandika jina la baba peke yake, na mama akatia sahihi.

Najua, sheria ikifutwa ghafla huacha pengo. Lakini Mahakama ya Katiba iliwekwa kumlinda raia dhidi ya sheria mbaya, na hapa majaji walikubali kabisa kwamba akina mama wanaonewa, kisha wakawahurumia wabunge. Wabunge wamepewa miezi ya kufikiri. Huyu mama, kosa lake ni kujifungua mwezi Mei.