Miaka Saba Isiyokwisha

Siku ya Jumatatu, Burko, fundi wa masufuria wa kabila la Waroma wanaohamahama, aliomba kazi katika mji mmoja wa Wajerumani. Wahunzi wa mji wakamtimua kama mbwa. Alhamisi akarudi na ukoo mzima na barua yenye muhuri wa mfalme: eti wao ni mahujaji wa Misri, wanatubu miaka saba kwa dhambi za babu zao. Misri yenyewe hakuiona hata ndotoni! Watu wale wale wa mji, kwa kumcha Mungu, wakawamwagia mikate na bia.

Diwani mmoja akamkazia macho. “Mzee, miaka saba gani hiyo? Marehemu baba aliwalisha kwa hadithi hii hii nikiwa mtoto!”

“Ndiyo, bwana,” Burko akajibu, mdomo umejaa mkate. “Kila ikikaribia kwisha, mji fulani hunifukuza, nami nawatukana mpaka mama zao. Ni dhambi, basi naanza upya. Hii ya sasa nimeianza Jumatatu.”