Mabomba Yaliyovuliwa Nguo

Gereji nzima ilimwita Cheche, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama jina lilitokana na mashine ya kuchomelea au na mdomo wake. Kazi alifundishwa na mjomba wake, kwenye mageti na vyuma vya madirisha, na kila asubuhi mjomba alimwonya kwamba mwanamke atapofuka kwa mwanga ule. Mjomba ndiye aliyetangulia kuvaa miwani. Kisha siku moja dereva kijana akaingiza uani gari lililokatika bomba la moshi, likinguruma hata majirani wakafunga madirisha. Cheche akalichomelea. Kesho yake dereva akarudi, eti linavuja. Halikuvuja.

"Nikajua anayevuja ni yeye," Cheche husimulia, na hapo dereva yule, sasa mumewe, ambaye mitaani huitwa Mshale, hucheka kuliko wote.

Alasiri hii hakucheka mtu.

Gari la mashindano lilikuwa limetoka mazoezini, boneti bado inahema joto. Lilitakiwa lifike kwa mkaguzi kabla geti halijafungwa jioni, ili kesho liruhusiwe kukimbia. Mshale alishuka analalamika. Nyuma yake akashuka Kitinda, binti yao wa mwisho, ambaye ndiye msoma njia wake: hukaa kiti cha pembeni na kumtajia baba kila kona kabla hajaiona.

"Mwanao leo kalala," Mshale akamwambia mkewe. "Kona ananitajia nikiwa nimeshaingia. Ile ya mwisho nusura tuwaamkie ng'ombe wa watu. Kama hawezi, aseme, nitafute mwingine."

Kitinda alielekea kwenye benchi akikanyaga kwa visigino tu, kama mtu apitaye juu ya changarawe. Cheche akazima grenda ya kukatia vyuma.

"Wewe, njoo. Mbona unatembea hivyo?"

"Viatu vipya, mama."

"Viatu nilinunua mimi. Vua."

Ndani ya viatu mlikuwa na soksi, na ndani ya soksi soksi nyingine. Nyayo zilikuwa nyekundu, na chini ya vidole malengelenge yametuna. Cheche akageuza kiatu. Mpira wa soli ulikuwa umelainika, mistari yake imefutika.

Alichukua tochi akajilaza chini ya gari.

Mabomba yale ya moshi aliyatengeneza yeye, manne yanayotoka kwenye injini na kukutana kuwa moja, linalopita chini ya miguu ya msoma njia. Injini ikikimbizwa huwa mekundu kama kaa la moto. Ndiyo maana aliyavisha: utepe wa nyuzi za kioo, ulioloweshwa, ukavutwa kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Juu yake akafunga bati, akiacha nafasi ya kidole baina yake na sakafu ili hewa ipite. Kazi hiyo ilimwasha mikono juma zima, na hakuna mtu aliyewahi kuisifia, kwa sababu hakuna aliyeiona.

Sasa mabomba yalikuwa uchi. Utepe umekatwa kwa kisu. Bati halipo.

Alitoka chini ya gari na vumbi mgongoni.

"Nani kayavua?"

Mshale akajikuna shingo. "Mke wangu, sikiliza. Mabomba yako yamepata rangi, bluu na zambarau, kama shingo ya njiwa. Jana nilipoyafunua, mpiga picha wa mashindano alipiga magoti kabisa. Nikasema, watu waone kazi ya mke wangu. Kisha uzito nao unapungua. Nimekusifia, nawe unanuna?"

Kibaya zaidi, kwa kufumba na kufumbua moyo wa Cheche ulilainika. Ni kweli yalikuwa mazuri. Cheche akajikasirikia kwa huo ulaini, na hasira ikarudi imebeba mwenzake.

"Umenisifia kwa kumchoma mwanangu?"

"Joto kidogo tu. Gari la mashindano si sebule."

"Vizuri. Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, kaa kiti cha mwanao. Joto kidogo tu, si ndivyo?"

Fundi wa matairi wa jirani alikuwa amesogea kusikiliza. Mbele yake Mshale hangeweza kurudi nyuma. Akavua, akaketi, akaweka nyayo kwenye sakafu. Cheche akaingia upande wa dereva, akawasha injini, akakanyaga mafuta. Gari likapiga kelele, na kelele ikadumu.

"Vipi?" akauliza.

"Baridi!" Mshale alitabasamu. Jasho lilimtoka puani.

"Shemeji, taratibu," fundi wa matairi akasema.

"Si kasema baridi?"

Hakutoa mguu, wala Mshale hakuinua wake. Taya zilimkaza, tabasamu likabaki limegandia usoni. Wangekaa hivyo mpaka ngozi itoke, maana hao ni watu wawili ambao hakuna aliyewafundisha kushindwa. Kitinda ndiye aliyekuja peku, akapenyeza mkono dirishani, akazungusha ufunguo.

Kimya kilichofuata kilikuwa na harufu ya rangi iliyoungua.

"Baba," akasema, "hivyo ulivyokaza meno, ndivyo nilivyosoma kona zote. Nilikuwa nainua miguu, napoteza mstari daftarini. Ukanitukana njia nzima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetafuta mwingine. Umesema sasa hivi."

Mshale aliinua miguu yake, akaikumbatia kama mtoto. Akamtazama mkewe. "Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Mimi sijaungua."

Mshale alimgeukia binti yake, na maneno yakamtoka kwa shida, moja moja. Kitinda akaitikia kwa kichwa tu, hakusema amesamehe.

Cheche akatoa kabatini utepe mpya, akaloweka ndooni. "Mabomba yakipoa, utayavisha wewe. Bati ulilitupa wapi, utajua mwenyewe. Ukimaliza nitakaa mimi pale, peku, gari linanguruma. Nikitulia, mtakwenda. Nisipotulia, mpiga picha akusomee kona."

"Geti litafungwa."

"Lifungwe."

Jua lilikuwa limeshaegemea ukuta wa gereji Mshale alipoingia chini ya gari. Baada ya muda mkono wake ukajitokeza, kiganja wazi, vidole vikichezacheza.

"Spana."

Spana ilikuwa kwenye benchi, kati ya mama na binti. Hakuna aliyesogea. Mshale akasubiri, kisha akajiburura nje, akasimama kwa visigino, akaifuata mwenyewe.