Kikao cha Familia, Maumivu ya Mama

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitali moja ya Ilala. Pembeni yangu daktari alikuwa akizungumza na mwenye duka wa Kariakoo, aliyemleta mama yake kwenye kiti cha magurudumu.

"Saratani imesambaa, na dawa kali hazimsaidii tena," daktari alisema. "Mgonjwa akifika hatua hii tunampa tiba shufaa. Muuguzi atamfuata nyumbani kumtuliza maumivu."

"Hiyo ni ya watu wa kufa," mwenye duka akajibu, mikono kifuani. "Mama yangu bado."

Daktari akamweleza kwamba si lazima mtu awe anakata roho ndipo apewe tiba hiyo.

"Basi tutakaa kikao cha familia."

Kikao! Kana kwamba maumivu yanasubiri akidi.

Mama akamvuta mwanawe shati. "Nyinyi kaeni kikao, mwanangu. Mimi nataka usingizi. Daktari, huyo muuguzi anaweza kuja leo?"

Mwanawe akainamisha kichwa. "Aje," akasema taratibu.

Tunawauliza mjomba, shangazi, hata jirani. Mwenye maumivu tunamuuliza mwisho, na mara nyingi anakuwa hana tena sauti ya kutujibu.