Kidole Kilichocheza Msibani

Mama mkwe alininyang'anya hedifoni mbele ya waombolezaji wote, siku moja tu baada ya kumzika mumewe hapa Tumati. Hakupandisha sauti. Alivuta waya kama anayeng'oa magugu, akachukua na simu.

Kilichoniponza ni kidole gumba cha mguu. Kilikuwa kinacheza.

Tumbo linanisumbua miaka sasa. Nimepimwa, nimepewa dawa, zinapunguza, haziondoi. Niligundua mwenyewe kwamba nikisikiliza gitaa la taratibu, lisilo na maneno, napata kitu cha kufuata mpaka mkazo upite. Muziki hauniponyi. Unanizuia tu nisijikunje mbele ya watu. Shuleni ninakofundisha nasikiliza wakati wa mapumziko, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Lakini penye msiba hapapigwi muziki mpaka matanga yaishe. Nilijua. Nilijua pia kwamba mke wa kuja akikataa makande ya msibani ataambiwa anaringa, kwa hiyo nilikula. Maharage yaliponianza, nilijifunika khanga kichwani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, nikiamini hakuna atakayesikia. Kweli hawakusikia. Waliona.

"Mwalimu," alisema mama mkwe. Hajawahi kuniita mwanangu. "Unamchezea baba yako?"

"Tumbo linaniuma, mama."

"Tumbo liko masikioni?"

Wanawake wakacheka. Kicheko hicho hakikuvunja msiba.

"Labda kwao wanazika kwa disko," akadakia shangazi wa mume wangu, mdomo umejaa makande yaleyale.

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa kando ya zizi na wanaume wenzake. Akageuka kuangalia ng'ombe.

Baadaye aliahidi kuongea na mama yake. Mpaka leo hajaongea. Nikimuuliza, anasema mama ana maumivu. Nami ninayo, nikamwambia, ila yangu hayajafungiwa turubai.

Jana nilikuwa nimejikunja juu ya gunia stoo, nimeuma pindo la khanga. Mama mkwe aliingia kuchukua ungo. Akasimama akanitazama, muda wa kutosha kuona kwamba sichezi. Kisha akachukua ungo wake, akatoka.

Matanga hayajaisha. Simu iko kwenye sanduku lake, na ufunguo anatembea nao.