Kilometa za Alima

Shemeji yangu Chamsudine ni fundi wa kuziba mashua hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na kwa kazi hiyo hana mpinzani kutoka Rongui mpaka Pemba. Naandika hivyo kwa uchungu, maana kumsifu shemeji si desturi yangu. Mimi ni kaka wa mkewe, Alima. Kazi yangu kwake ni kumtania, na nimeifanya miaka arobaini na tatu bila likizo. Lakini leo nataka kumtendea haki, na nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliishia darasa la tatu. La nne waliniogopa.

Huyu fundi wa mashua, mwenye suruali moja ya kazi na nyundo ya mbao iliyomegeka pembe, alikuwa na gari la mbio. Hapo sitanii. Alfa ya Kitaliano, nyekundu, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa, na pua ndefu iliyolala chini kama inanusa barabara. Alilipata mwaka wa sabini na tano, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kwa Mreno mmoja wa mashamba ya mkonge, Senhor Pimentel, ambaye shemeji alikuwa akimtengenezea boti yake ya matembezi. Uhuru ulipoingia, Mreno yule aliondoka kwa haraka kama walivyoondoka wenzake. Akampa funguo, akampa karatasi yenye sahihi na muhuri, akamwambia, "Ni lako. Litunze. Likikaa vizuri, siku moja watu watavuka bahari kulifuata."

Neno hilo, litunze, lilimwingia shemeji kama msumari wa mashua. Na kutunza alijua namna moja tu. Akalisukuma hadi kwenye banda lake, akalipandisha juu ya magogo kama chombo kinachosubiri fundi, na kila mwezi ulipoandama akalipaka sifa.

Wewe wa bara huenda huijui sifa. Ni mafuta ya ini la papa. Ini linatiwa kwenye pipa, linaachwa juani mpaka liyeyuke lenyewe, na siku hiyo jirani zako wanakumbuka safari waliyokuwa wameiahirisha. Mbao iliyopakwa sifa haiozi. Chamsudine alilipaka gari chini kote, ndani ya milango, kwenye bawaba, kila penye chuma. Kisha akapaka na viti.

"Viti vya nini, shemeji?" nilimuuliza.

"Ngozi ni ngozi. Inakauka kama mbao."

Namshukuru Mungu hakuliwashia makuti kwa chini, maana mashua ndivyo tunavyozifanya, kuua wadudu wanaotoboa mbao. "Nililifikiria hilo," aliniambia siku moja, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Injini nayo hakuisahau. Kila mwezi alifungua plagi, akadondoshea oili kila tundu, akaizungusha kwa spana, mizunguko mitatu, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani.

Kuliendesha? Hata siku moja. Mwanzo petroli ilikuwa haipatikani. Kisha ikawa vita. Kisha vita vikaisha na petroli ikapatikana, lakini yeye alikuwa ameshazoea kukataa. Watu wangapi walikuja kuliazima kwa ajili ya harusi! Jibu lilikuwa moja: "Litaisha."

Harusi ya kwanza aliyoikatalia ilikuwa yake mwenyewe. Mwaka wa themanini na moja tulimtoa dada yangu nyumbani kwetu Milamba kumpeleka kwa mumewe, kwa miguu, jua la alasiri, wanawake wanaimba, vumbi mpaka kwenye upindo wa kapulana yake mpya, hiki kitenge chetu. Tulipita mbele ya banda. Pua nyekundu ilionekana kwa mwanya wa mlango. Shangazi mmoja mwenye mdomo akasema kwa sauti ya watu wote, "Bibi arusi wa mwenye gari, mbona miguu imepauka?" Wanawake wakacheka mpaka wimbo ukakatika. Alima hakucheka. Usiku ule, kwa alivyonisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, alimwambia mumewe, "Utakuja kunipandisha." Naye akajibu, "Siku moja."

Siku moja hiyo ikapata watoto, ikapata wajukuu.

Halafu ukaja mwaka ule wa elfu mbili na ishirini, tulipokimbia. Sitausimulia wote, aliyekuwepo anaujua, na asiyekuwepo amshukuru Mungu. Nitasema hili moja tu. Milio ya bunduki ilipoanza kusogea, Alima alikuwa barabarani na kifurushi kichwani, na Chamsudine alikuwa bandani analifunika gari kwa nyavu mbovu. Gari lenye mbio kuliko yote mkoani Cabo Delgado lilikuwa juu ya magogo, halina tairi, halina tone la petroli, limetunzwa vizuri mno. Sisi tukatembea. Siku tatu porini mpaka Mute. Siku ya pili goti la Alima likafura kama papai, na tangu hapo halikurudi lilivyokuwa.

Tuliporudi baada ya miaka miwili, nyumba ya shemeji ilikuwa kuta tupu, paa limeteketea. Banda lilisimama. Gari lilikuwemo chini ya nyavu zake. Mimi nina maelezo yangu: yeyote aliyechungulia mle alikutana na ile harufu, akaona nyavu, akadhani ni mashua iliyooza, akaenda zake. Kosa la shemeji ndilo lililomwokolea gari. Nimemwambia hivyo mara nyingi, na hajaniona mwenye akili hata mara moja.

Basi wakawa wanaishi ndani ya kuta zile, juu wametandika turubai na makuti. Binti yao Zuleica, aliye mwalimu Pemba, akaja likizo, akalipiga gari picha, akaiweka kwenye simu yake watu waione. Wiki mbili hazikupita, Hélder akabisha hodi.

Hélder kwao Palma, ila amekulia Maputo, na Kiswahili chake kinachechemea. Kila hatua mbili kinaegemea Kireno. Ananunua magari ya zamani kwa ajili ya tajiri mmoja wa Lisboa. Alivua saa, akalala chali chini ya gari na shati lake jeupe, akatoka amekodoa macho.

"Mzee, chini hakuna kutu. Zero! Umefanyaje?"

"Mafuta ya papa," Chamsudine akajibu.

Kijana akafungua mlango ainame ndani, akarudi nyuma hatua tatu. "Na viti pia?"

"Ngozi ni ngozi."

Harufu alisema wataishughulikia wenyewe huko. Akapiga picha kila pembe, mwisho akapiga mita ya kilometa: elfu kumi na moja, mia mbili na nane. Hapo ndipo akatutajia bei. Mimi nilikaa chini. Ilikuwa ni mabati ya nyumba nzima, vyumba vitatu na jiko, na mbao zake, na fundi wake.

"Lakini namba hii ndiyo mali yenyewe," Hélder akasema. "Patrão wangu, yule tajiri, kwanza anauliza namba. Nakuja na lori Alhamisi. Mpaka hapo, mzee, lisiwashwe, lisisogezwe. Ikiongezeka hata moja, bei inashuka."

Chamsudine alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Huko Lisboa analiendesha kwenda wapi?"

"Haliendeshi. Anayo arobaini, mzee. Yamo ndani ya jumba lenye baridi, yamefunikwa mashuka. Baada ya miaka anauza."

"Na mkewe?"

"Mkewe nini?"

"Hajasema apelekwe, hata sokoni?"

Hélder akacheka. "Wa kwanza alisema. Sasa yuko na wa tatu."

Tukacheka, mimi kuliko wote. Chamsudine hakucheka. Alimtazama Alima, aliyekuwa kwenye mlango wa jiko anamenya muhogo, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Basi linaondoka," Alima akasema.

"Alhamisi," mumewe akajibu.

"Liende salama." Akaendelea na muhogo wake.

Mimi nimetukanwa na wanawake wengi, wengine kwa ufundi mkubwa, lakini sijasikia tusi linaloingia ndani kama ile "salama".

Kesho yake alfajiri, kabla sijaonja chai, shemeji yuko mlangoni kwangu.

"Shemeji, kuendesha unajua kweli, au ni mdomo?"

"Mimi? Mimi niliyeendesha kutoka..."

"Jibu."

"Najua."

Niliendesha trekta la mkonge nikiwa kijana, na chapa, hii basi ndogo ya abiria, ya kwenda Mute miezi minane. Leseni ninayo, picha ndiyo imefutika, na afadhali.

Akakaa kwenye kizingiti. Akasema, "Kila mtu anayeniletea mashua namwambia, isikae juu sana. Itakauka, mbao zitaachana, ukiirudisha majini itakunywa maji. Namwambia, chombo kinatunzwa na safari. Nimelisema hilo miaka hamsini."

Nilikuwa na masihara matatu tayari mdomoni. Nikayameza. Nayo hayamezeki kirahisi.

Siku mbili tulifanya kazi. Tairi nilizipata kwa fundi wa magari, za gari la saluni la Kijapani, zikakubali kwa kubembelezwa. Betri tuliazima kwenye chapa. Petroli lita tano. Jumatano asubuhi nikawasha. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi unaonuka soko la samaki, kisha ikashika, na sauti yake ikawa nzito, tamu, mpaka kuku wakakimbia. Breki ya mguu ilikuwa imekufa. Ya mkono ilikuwa bado inafikiria.

Kabla hatujatoka nilimvuta shemeji kando. "Nimeuona waya wa mita," nikamnong'oneza. "Nikiufungua, namba inabaki palepale. Hélder hajui, Lisboa hawajui, na mimi Mungu atanisamehe kwa ajili ya goti la dada."

Chamsudine akawaza. Niliona anawaza. Sauti ikatoka jikoni: "Usiufungue."

"Dada, bei..."

"Bei nimeisikia, kaka. Nilitembea siku ya harusi yangu. Nikatembea siku tatu mpaka Mute. Hakuna mita iliyonihesabia hata hatua moja. Hizi za leo ziandikwe."

"Itakuwa paa la jiko zima, Alima," mumewe akasema kwa upole.

"Basi ondoeni jiko. Nitapika chini ya makuti. Nimezoea."

Chamsudine alinitazama, akatikisa kichwa: uache waya. Akaenda ndani, akarudi na kapulana safi, akaitandika kwenye kiti, akamshika mkewe kiunoni na kumketisha kama anayeweka yai.

Viti ni viwili. Kimoja cha dereva, yaani mimi, kimoja cha Alima. Mwenye gari akabaki nje. Akachukua gogo la kuzuia mashua isiteleze, akatembea kando ya tairi la mbele, tayari kulitupia chini kila nilipotaka kusimama. Ndiyo ilikuwa breki yetu. Tukaenda kwanza mpaka nyumbani kwetu Milamba, tukapita bandarini, tukazunguka soko, gia ya kwanza mwendo wote. Yeye anatembea, mkewe amepanda.

Alima aliweka mkono juu ya mlango, akanyoosha shingo, akawa anatazama mbele tu, kama mtu anayeogopa akigeuka kitu kitamwagika. Karibu na soko, bibi mmoja rika lake, aliyekuwepo siku ile ya vumbi, akapiga kigelegele kisha akaziba pua.

"Alima! Mbona mnanuka papa?"

"Ndiyo manukato ya mume wangu!" dada akajibu, na ndipo akacheka, akacheka mpaka machozi, na kando ya tairi niliona Chamsudine amegeuza uso upande wa pili.

Kilometa nne. Nilipozima injini mbele ya banda, Alima alisogea mwenyewe kuisoma namba. "Mia mbili kumi na mbili," akasema, akagusa kioo cha mita kwa kidole.

Alhamisi Hélder alifika na lori lake lenye turubai. Akafungua mlango, akainama, akainuka.

"Mzee. Nne hizi zimetoka wapi?"

"Za mke wangu."

"Nitamwambia nini patrão?"

"Mwambie zilikuwa na mtu ndani."

Kijana alikaa kwenye ngazi ya lori muda mrefu, akapiga simu, akaongea Kireno cha kasi, akapiga tena. Bei ikashuka kama alivyosema. Hakuwa mtu mbaya. Alipeana mkono na Alima kabla hajaondoka. Chamsudine alilisukuma gari mwenyewe mpaka juu ya lori, kisha akarudi bandani, akazoa magogo mawili yaliyobaki, akaanza kuziba mashua ya watu iliyokuwa inamsubiri.

Vyumba vitatu vina mabati sasa, vinang'aa hata kutoka bandarini unaviona. Jiko lina makuti. Mvua ya kwanza ya Desemba ilinikuta pale ninakula, maana mimi mvua huwa inanikuta kwa shemeji saa ya chakula. Makuti yakavuja. Tone likadondoka puu ndani ya sufuria ya mchuzi. Chamsudine akainuka kutafuta ndoo.

"Kaa ule," Alima akamwambia. "Kilometa zangu hizo."

Akakaa. Tone la pili lilipokuja, alisogeza sahani yake chini yake, akalikinga, akaendelea kula.