Kopo la Viwavi

Ukimponda kiwavi wa kabichi kati ya vidole, anatoa harufu ya jani bichi na kitu kingine kama kutu. Juzi nilikuwa nachambua mboga katika chumba nilichopanga hapa Gungu, nikamponda mmoja bila kumwona. Harufu ile ikanirudisha Buzebazeba, kwenye bustani ya mama, asubuhi ambayo nusura mtu auawe. Labda nakuza mambo. Dada yangu Zaina, ambaye alikuwepo, anasema wangempiga tu. Mimi niliona mawe mikononi mwa watu, basi naandika nilivyoona, na nyie mtapima.

Nilikuwa darasa la nne. Ng'ambo ya ua wetu palikuwa na kiwanja cha Mzee Bilali chenye michikichi mirefu iliyojaa viota vya minana, wale ndege wa manjano wenye kelele za sokoni. Mama hakuwapenda. Walimlia mtama, walimchania majani ya migomba wakaenda kufumia nyumba zao. Aligonga debe kuwafukuza huku anawatukana: "Tokeni, wezi wakubwa!" Lakini niliwaona pia wakishuka kwenye kabichi na kupanda tena na kiwavi mdomoni, kuelekea kwa makinda. Niliona, sikuwaza chochote. Ndege anakula, basi.

Mji ulikuwa unatujia. Watu walitafuta vyumba kila kona, na Mzee Bilali akakata michikichi yake, akajenga vyumba vya kupangisha. Simlaumu. Miti ilikuwa imezeeka, haizai tena, na yeye alikuwa na watoto wa kulisha. Siku ya kukata, makinda walitapakaa chini, kunguru wa jalalani wakawamaliza kabla ya adhuhuri. Kisha akafunga taa kali ukutani, ikimulika mpaka bustanini kwetu, na mama akamshukuru sana kwa sababu ya wezi. Kila usiku nondo waliizunguka taa ile kama vumbi. Asubuhi tulikuta mayai chini ya majani ya kabichi. Leo naunganisha hayo yote. Wakati ule hakuna aliyeunganisha, na hata leo sijui kama naunganisha sawasawa, maana mimi si mtaalamu, shule niliishia la saba.

Msimu uliofuata viwavi wakaja. Walikuwa wengi kiasi kwamba ukinyamaza uliwasikia wakitafuna, ingawa Zaina anasema hapo nimeongeza chumvi. Mama alimwaga majivu, akanyunyiza maji ya pilipili. Kabichi zikageuka nyavu. Bustani ile ndiyo iliyokuwa inatulisha na kutuvisha, na mama akaanza kukonda kwa mawazo.

"Umerushiwa uchawi," Mama Shabani, jirani yetu wa mbele, akamwambia mama. "Hii si bure, shoga yangu. Mwangalie aliyehamia karibuni."

Aliyehamia karibuni alikuwa Bibi Gaspari, mama mtu mzima kutoka Burundi, mpangaji wa Mzee Bilali. Tulimwita kwa jina la mwanawe. Alikuwa na kuku wachache, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupapasa, neno hapa neno pale.

Asubuhi moja, kumeanza kupambazuka, nilimfuata mama bustanini na ndoo ya maji. Tukamkuta Bibi Gaspari ameinama katikati ya matuta, kopo mkononi.

"Unafanya nini humu?" mama akauliza.

Hakushtuka. Akainuka taratibu, akatabasamu, akasalimu kwa lugha ya kwao. "Amahoro, mama. Natoa wadudu."

Liangalieni neno lenyewe. Tunatoa jino, na tunatoa sadaka. Mama alichungulia kopo, akaona viwavi wanafurukuta mpaka ukingoni, na akili yake ikaenda kwenye sadaka, kwamba anawatoa kwake kutuletea sisi.

"Anatoa wadudu!" akapiga ukelele. "Jamani njooni, anasema kwa mdomo wake!"

Watu walijaa upesi mno. Mama Shabani alifika khanga moja, anahema. "Si nilikwambia? Mimi huwa sisikilizwi!" Kijana mmoja mwenye jiwe akacheka: "Bibi, leo utawatafuna mwenyewe hao!" Mzee Bilali akaja mbio na singilendi. "Jamani, huyu mpangaji wangu. Tumngoje mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini, Mzee? Ushahidi si huo kwenye kopo?" kijana yule akamjibu.

Bibi Gaspari alidhani hawajamsikia. Akarudia kwa sauti zaidi, "Natoa wadudu, natoa wadudu," na kila aliporudia, duara likasogea. Mkono wa mama ulikuwa umeshika bega langu. Jiwe la kwanza lilipita juu ya kichwa cha bibi, likagonga ukuta.

Akajikinga uso, na kopo likaanguka, likalia kwenye mawe. Kuku jike akachomoka nyuma ya vyumba na vifaranga vyake, mbio katikati ya miguu ya watu, na wengine nyuma yake. Waliujua mlio ule. Wakaanza kudonoa viwavi pale pale, juu ya ndala za watu.

Watu wakainama kuwatazama kuku. Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Unawatoa kwenye mboga, kuwapelekea kuku?"

"Eee. Natoa." Akachuma hewani kwa vidole viwili, kama anabandua kitu kwenye jani.

Mawe yakaanza kudondoshwa. "Sasa si angeomba ruhusa kwanza?" alisema Mama Shabani akiondoka, na kwa haki niseme, ni kweli hakuwa ameomba.

Jioni mama alinituma na bakuli la ugali wa muhogo na dagaa. "Mwambie nimekosa. Mwambie aje bustanini saa yoyote, asibishe hodi." Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akalirudisha limeoshwa, ndani mna mayai. Lakini hakuja. Mama akawa anaacha lango wazi kila asubuhi. Viwavi wakamaliza mboga. Mwishowe tukang'oa matuta, na baada ya miaka michache na sisi tukajenga vyumba.

Tuliwaondoa walaji wa viwavi, tukawawashia nondo taa, kisha tukatafuta mtu. Hilo nilikuja kulielewa polepole. La Bibi Gaspari lilichelewa zaidi. Miaka mingi nilidhani amenuna, na nilimwona mkaidi, maana mama aliomba radhi kweli. Mwaka jana mtoto wa mwenye nyumba wangu aliugua ghafla, na majirani wakaniuliza, kwa upole tu, nilimpa nini nilipombeba. Nilimpa maji. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona nyuso zao zinavyosubiri, nikaufunga.

Mtoto alipona, na mama yake huniita nimbebe. Huwa namwambia mikono yangu ina kazi.